Kujua kilichomo ndani ya pipa la slesi: kupima viungo vya sabuni kwa spektromita ya masi

Mama mmoja wa Mwera, Unguja, anayepika sabuni ya maji kwa kuuza aliniletea slesi, ule ute mzito wa kutolea povu la sabuni, ndani ya chupa mbili zilizokuwa za maji ya kunywa. Moja ilitoka kwenye pipa lililokwisha, ya pili kwenye pipa alilolinunua wiki ile. Resipi yake haikubadilika, kisima ni kile kile, ndoo ni ile ile. "Mwanangu, la zamani nikitia chumvi linakaza kama uji. Hili nikitia linabaki maji, nikiongeza linazidi kuwa maji." Alikuwa na yakini kwamba dukani wamelichanganya na maji, na alitaka karatasi ya kwenda nayo kudai fedha zake.

Sikumpa karatasi siku ile. Nilimwomba siku tatu. Nilichokifanya katika siku hizo ndicho nitakachokieleza hapa, kwa mwanafunzi wa kemia au fundi wa maabara aliye na spektromita ya masi, mashine ya kutambua molekuli kwa uzito wake, mbele yake, na pia kwa yule anayepeleka sampuli mahali pengine na anataka kuyaelewa majibu yatakayorudi.

Tukubaliane majina kwanza. Wapikaji wa sabuni wa Unguja na Pemba wananunua salfoniki, ambayo ni asidi ya alkilibenzini salfoniki. Slesi, yaani sodiamu laurethi salfeti. Na CDE, iliyotokana na mafuta ya nazi na diethanolamini. Wenye kutengeneza shampuu huongeza betaini. Hizi zote nitaziita safaktanti: molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Hakuna hata moja kati yake inayouzwa ikiwa molekuli ya aina moja. Kila pipa ni ukoo mzima, ndugu warefu na wafupi wamechanganyika, na kazi yetu ni kuutambua ukoo.

Hatua ya kwanza: tanuri na mizani

Usikimbilie mashine. Spektromita ya masi inapima uzito wa ioni, yaani molekuli yenye chaji ya umeme, ukigawanywa kwa chaji yake, namba tunayoiandika m/z. Maji yaliyomo ndani ya slesi haiyaoni kabisa. Kwa hiyo dai la "imetiwa maji" halijibiwi huko. Linajibiwa na tanuri.

Pima pH kwanza. Slesi yenye uchachu usiipashe moto, kwa sababu salfeti yake huvunjika katika asidi, ikivunjika inatoa asidi zaidi, na hiyo inaongeza kasi ya kuvunjika. Ikiwa pH ni 7 au zaidi, pima gramu 2 kwenye kisahani, tia ethanoli kidogo, itandaze iwe nyembamba, kisha ikaushe kwa nyuzi 105 mpaka uzito uache kubadilika. Usipoitandaza itafanya ngozi juu na maji yatabaki chini, halafu utaandika namba ya uongo bila ya kujua. Slesi iliyouzwa kuwa ya asilimia 70 inatakiwa ibakishe karibu na hapo.

Chupa zote mbili za mama wa Mwera zilibakisha karibu asilimia 70. Maji hayakuongezwa. Hapo ndipo swali lilipogeuka: ikiwa uzito ni ule ule, je, kilichomo ni kile kile?

Hatua ya pili: vyombo, na adui aliyemo ndani ya sinki

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibika kabla hazijaanza.

Kitu unachokitafuta ndicho kitu ambacho maabara nzima inaoshewa. Bika lililosuguliwa kwa sabuni ya vyombo na kusuuzwa mara tatu kwa maji ya mfereji bado lina salfoniki ya kutosha kuonekana kwenye mashine. Utapima maji matupu, na mbele yako, kwenye karatasi ya mashine, vitasimama vilele vinne vya salfoniki vilivyo wazi kabisa, kila kilele kikiwa ioni ya uzito mmoja. Nimewahi kupoteza siku nzima nikiisaka salfoniki ndani ya sabuni ya mwani, na kumbe ilikuwa ikitoka kwenye chupa yangu mwenyewe.

Vyombo vya kazi hii visiguswe na sabuni. Visuuze kwa methanoli safi mara tatu, kisha kwa maji yaliyoondolewa ioni. Bika na vichupa vya kioo, ikiwa una tanuri kali, vichome kwa nyuzi 450 kwa saa chache. Chupa za kupimia ujazo usizichome, zitapoteza kipimo chake. Maji ya mfereji au ya kisima yasikaribie sampuli. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji yake yamebeba kalisi nyingi, na kalisi hukamata sabuni na kufanya ule utandu mweupe tunaouona kwenye beseni. Glavu, vifuniko vya plastiki na vichujio navyo hutoa vitu vyake. Kichujio chochote, mililita ya kwanza itakayopita imwage.

Kuna aina moja inayotaka kinyume cha kioo. Dawa za kusafishia zenye benzalkoniamu zina chaji chanya, na uso wa kioo una chaji hasi, kwa hiyo zinaganda kwenye kuta za chupa na ukipima unakuta kidogo kuliko kilichokuwapo. Hizo zitie kwenye vichupa vya polipropilini.

Mwisho wa maandalizi tengeneza sampuli tupu: kila kiyeyushi, kila chupa, kila kichujio, kila hatua, isipokuwa sabuni. Sampuli tupu inapita mashineni kabla ya sampuli ya kweli na tena baada yake. Majibu yasiyokuwa na sampuli tupu mimi siyasomi, yawe yametoka maabara yoyote.

Hatua ya tatu: kuondoa chumvi

Sabuni ya maji ya mitaani ina chumvi ya kula iliyotiwa kuikaza. Sabuni ya unga ina magadi, salfeti ya sodiamu, silikati na mara nyingi zeolaiti. Vyote hivi havigeuki mvuke. Vikiingia kwenye elektrosprei, mlango wa mashine unaoirusha sampuli kwa matone madogo yenye chaji, vinaganda kwenye sindano, vinazima ishara ya safaktanti, na vinakuachia nusu siku ya kufungua na kusafisha.

Dawa yake ni ethanoli kavu, yaani isiyo na maji, iliyopashwa joto. Safaktanti huyeyuka ndani yake, chumvi nyingi hubaki chini. Methanoli watu huipenda, lakini inayeyusha chumvi ya kula kiasi cha kusumbua. Ethanoli isiyo na maji inayeyusha kidogo sana. Chukua miligramu 100 za sampuli iliyokwisha kaushwa, tia mililita 10 za ethanoli, pasha kwenye maji ya moto nyuzi 60 huku ukitikisa kwa dakika 15, iache itulie, izungushe kwenye sentrifuji, kisha uchukue maji ya juu yaliyo safi. Ethanoli inashika moto. Tumia beseni la maji ya moto, kamwe si jiko lenye mwali.

Njia hii ina faida ya pekee kwa sabuni za mwani zinazotengenezwa na kina mama wa Paje na vijiji vya pwani ya mashariki. Mwani una karajini, molekuli ndefu za sukari zinazofanya ute. Karajini haiyeyuki katika ethanoli, inajikusanya na kushuka chini pamoja na chumvi. Ungeupeleka ute ule moja kwa moja mashineni ungeziba kila mrija.

Hatua ya nne: kupunguza, kisha kupunguza tena

Sasa una myeyusho wa miligramu 10 kwa mililita. Ni mzito mno. Chukua mikrolita 10, tia kwenye mililita 10 za mchanganyiko wa methanoli na maji nusu kwa nusu. Umefika mikrogramu 10 kwa mililita. Ukitaka kuingiza moja kwa moja kwa sindano, punguza tena mara kumi, mikrogramu 1 inatosha. Safaktanti ni molekuli zinazokimbilia juu ya uso wa tone, na elektrosprei inakamata kwanza kilichopo juu ya uso, kwa hiyo mashine inaziona kwa wepesi mkubwa. Ukiingiza myeyusho mzito hupati ishara nzuri zaidi. Unapata mashine iliyochafuka kwa wiki moja, na kila atakayekufuata ataona sabuni yako ndani ya sampuli yake.

Unapochanganya usitikise kwa nguvu. Povu linabeba safaktanti juu na kuacha maji ya chini yakiwa na upungufu. Pindua chupa pole pole mara kumi.

Hatua ya tano: mashine

Elektrosprei, njia iliyompatia John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002, inafaa kazi hii kwa sababu inaitoa molekuli nzima kutoka kwenye maji bila ya kuivunja. Pima kila sampuli mara mbili, kwa upande hasi na kwa upande chanya. Slesi, salfoniki na sabuni za mche zinaonekana upande hasi. Benzalkoniamu, betaini, CDE na safaktanti zisizo na chaji zinaonekana upande chanya.

Kwa kuanzia: mikrolita 5 kwa dakika kwa sindano, volti 2,500 hadi 3,000, upana wa m/z kutoka 100 hadi 1,000. Ukiwa na kromatografia, kifaa cha kutenganisha viungo kimoja kimoja, mbele ya mashine, tumia safu ya C18, maji na asetonitrili, na tia asetati ya amonia milimola 5 katika vyote viwili. Usiiache asetati hiyo. Safaktanti zisizo na chaji ambazo vichwa vyake ni mnyororo wa ethoksili, yaani viungo vya kaboni mbili na oksijeni moja, hushikamana na chochote kilicho karibu, sodiamu hapa, potasiamu pale, na ukoo mmoja unajigawa kuwa koo tatu kwenye karatasi. Amonia ikiwa nyingi, zote zinaishika hiyo.

Jambo moja la hapa kwetu. Pampu ya ombwe ya mashine hizi haipendi umeme wa kukatika. Tunaokumbuka Unguja ilivyokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi mapema 2010, kebo ya kutoka bara ilipoharibika, hatuhitaji kuelezwa. Betri ya akiba iwe ya kubeba pampu mpaka izimwe kwa utaratibu, si ya kubeba kompyuta peke yake.

Hatua ya sita: kusoma

Karatasi ya kwanza itakutisha, vilele hamsini au zaidi. Usisome namba moja moja. Soma hatua kati ya namba na namba.

Tofauti ya 14.016 ni kaboni moja na haidrojeni mbili: mkia umerefuka kwa kiungo kimoja. Tofauti ya 28.031 ni viungo viwili. Tofauti ya 44.026 ni ethoksili moja. Ukizijua tatu hizi umeshika ufunguo wa duka zima la sabuni.

Salfoniki, upande hasi, inapanda kwa 14: 297.15, 311.17, 325.18, 339.20. Ni mikia ya kaboni 10, 11, 12 na 13. Ukiivunja ndani ya mashine ioni ya kilele chochote kati ya hivyo unapata kipande cha 183.01, ambacho ni pete ya benzini ikiwa na salfoneti na kipande cha mkia.

Slesi inapanda kwa 44. Mkia wa kaboni 12 usio na ethoksili ni 265.15, kisha 309.17, 353.20, 397.23. Sambamba nao kuna mkia wa kaboni 14: 293.18, 337.21, 381.23. Ukivunja unapata 96.96, ioni ya salfeti yenye haidrojeni. Usishangae 265 kuwa kilele kikubwa kuliko vyote. Slesi ya kawaida ya ethoksili mbili ina sehemu kubwa ambayo haikupata ethoksili hata moja. Namba "mbili" iliyoandikwa kwenye pipa ni wastani.

Sabuni ya mche ni chumvi ya asidi za mafuta, na asidi hizo zinaonekana kama zilivyo. Lauri 199.17, miristi 227.20, palmiti 255.23, olei 281.25, steari 283.26. Mafuta ya nazi yanajitangaza kwa lauri, ambayo ni karibu nusu ya mafuta yote, pamoja na 143.11 na 171.14 za mikia mifupi. Tahadhari kwa 255 na 283: palmiti na steari zimo kwenye plastiki, kwenye vidole, kwenye vumbi, na zitakuwamo kwenye sampuli tupu yako pia. Toa kwanza kilichomo kwenye tupu, ndipo useme kitu. Sabuni ya karafuu itakuonyesha na 163.08, nayo ni ujinoli, roho ya mafuta ya karafuu. Kilele hicho hunifurahisha kila nikikiona.

Upande chanya, CDE ya lauri inakaa 288.25 na ya miristi 316.28, na ukiivunja inatoa 106.09, diethanolamini. Betaini ya nazi inakaa 343.30, nayo huacha kipande cha 240. Benzalkoniamu ni 304.30 na 332.33, na zote mbili zinavunjika kutoa 91. Alkoholi ya kaboni 12 yenye ethoksili saba, ikiwa na amonia, ni 512.4, na ndugu zake wanasimama kila baada ya 44 juu na chini yake.

Kuna ukoo mmoja ambao ukiukuta uuandike kwa herufi kubwa: nonilifenoli ya ethoksili. Yenye ethoksili tisa, ikiwa na amonia, inakaa 634.45. Ikivunjika katika mazingira inaacha nonilifenoli, kitu kinachoiga homoni ya kike kwa samaki, na Umoja wa Ulaya uliibana mwaka 2003. Maji ya kufulia ya kwetu yanamwagwa chini, na jiwe la matumbawe lina matundu, linayapitisha kwenda kisimani na pwani bila ya kuyachuja sawasawa. Kwa hiyo kilele hiki sikipiti haraka. Hakikisha tu kwamba si poliethilini glikoli, ambayo nayo inapanda kwa 44 na imo kila mahali. Yenye viungo tisa ikiwa na amonia inakaa 432.28. Hatua ni moja, mahali pa kuanzia ni mbali mbali.

Mtego wa nyonyo

Huu nauandikia sehemu yake, kwa sababu umewahi kumwita muuzaji mwaminifu mwongo.

Mtengenezaji wa sabuni ya mikono anasema sabuni yake ni ya mafuta matupu, haina salfoniki hata tone. Maabara inapima na kukuta 297. Inavunja 297 na kupata 183. Salfoniki ya kaboni 10 ni 297 inayotoa 183. Kesi imekwisha, mwongo amekamatwa.

Lakini ametia mafuta ya nyonyo ili povu liwe zuri, kama wengi wanavyofanya. Asidi kuu ya nyonyo ni risinolei, na ioni yake ni 297 pia. Ukiivunja, kipande chake kikubwa ni 183. Namba mbili zote zimegongana.

Kuna njia tatu za kutoka. Ukiwa na mashine yenye uwezo wa kutenganisha vizuri, tazama desimali: salfoniki ni 297.15 na kipande chake 183.01, risinolei ni 297.24 na kipande chake 183.14. Ukiwa na mashine ya namba nzima tu, tafuta ndugu. Salfoniki haitembei peke yake, lazima uone 311, 325 na 339, na kila mmoja wao atoe 183. Risinolei haina ndugu hao. Njia ya tatu ni salfa. Atomi nne na robo hivi katika kila mia za salfa ni za aina nzito, kwa hiyo juu ya kilele cha salfoniki, hatua mbili mbele, pana kilele kidogo cha karibu asilimia 7 ya kile kikubwa. Cha risinolei hakifiki asilimia 3. Mimi natazama zote tatu kabla sijaandika neno salfoniki kwenye karatasi yenye jina la mtu.

Mtego wa namna hiyo uko pia kwenye 279: asidi ya linolei ni 279.23, salfeti ya mkia wa kaboni 13 ni 279.16. Ya pili inatoa 96.96 ikivunjika, ya kwanza haitoi.

Chupa mbili za Mwera

Ya pipa la zamani ilikuwa na 265, 309, 353 ikishuka kwa mteremko, na 293, 337, 381 pembeni. Hakuna kitu katikati ya 265 na 293. Mikia ya kaboni 12 na 14 tu, hatua za 28: huo ni mkono wa nazi au mawese, kwa sababu mimea hujenga mafuta yake kaboni mbili mbili na haitoi mikia ya witiri.

Ya pipa jipya ilikuwa na 265 na 293, lakini katikati yake palisimama 279.16, na mbele 307.19. Kaboni 13 na kaboni 15. Alkoholi iliyofanya mikia yake ilitoka kwenye petroliamu. Na ngazi ya 44 ilikuwa ndefu zaidi: vilele vya ethoksili tatu, nne na tano vilikuwa na nguvu ambayo chupa ya kwanza haikuwa nayo. Wastani wa ethoksili ulikuwa juu zaidi.

Hiyo ndiyo sababu ya chumvi. Chumvi inaikaza slesi kwa kupunguza kusukumana kwa vichwa vyenye chaji, ili molekuli zijipange katika nyuzi ndefu zinazosokotana. Ethoksili zikizidi, kichwa kinakuwa kikubwa, molekuli zinashindwa kujipanga hivyo, na chumvi ile ile haitoshi. Ukizidisha chumvi sana, unapita pale sabuni inapokaza kabisa, nayo inarudi kuwa maji. Mama alikuwa ameyaona yote haya kwenye ndoo yake kabla mimi sijaona kilele hata kimoja.

Hatua ya saba: usisome urefu wa kilele kama kiasi

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Mtu anachukua kilele cha CDE, anakigawa kwa jumla ya vilele vyote, anaandika "CDE asilimia 12". Hesabu hiyo haina maana. Kila molekuli inaionekea mashine kwa kiwango chake. Zenye chaji za asili zinapiga kelele, zisizo na chaji zinanong'ona, na zenye ethoksili moja au mbili karibu hazisikiki kabisa hata zikiwa nyingi, kwa kuwa hazina mikono ya kutosha ya kuishika amonia. Zaidi ya hapo, iliyo nyingi huizima iliyo chache zinapoingia pamoja.

Kulinganisha chupa mbili za aina moja, siku moja, kwa mpangilio mmoja, kama nilivyofanya, ni halali. Unaweza kusema ngazi hii ni ndefu kuliko ile. Kusema kiasi kunataka sampuli ya rejea ya safaktanti ile ile, myeyusho wa viwango vitano au sita, na ikiwezekana molekuli ya rejea iliyotiwa haidrojeni nzito ndani ya kila sampuli. Kwa jumla ya safaktanti hasi, upimaji wa zamani wa kumwaga tone tone kwa methilini buluu na klorofomu bado ni wa kuaminika na ni wa bei nafuu mno. Tumia huo kwa kiasi, na mashine kwa utambulisho.

Na kuna kitu ambacho njia hii haikioni hata kikiwapo: dayoksani, uchafu unaozaliwa wakati wa kutengeneza ethoksili. Ni kidogo, kinaruka kama mvuke, kinatakiwa kupimwa kwa kromatografia ya gesi pamoja na spektromita ya masi, kwa kukusanya hewa iliyo juu ya sampuli, ambako utakiona kwenye 88. Mteja akiuliza kuhusu usalama wa shampuu ya mtoto, mwambie kwamba upimaji huu peke yake hautoshi.

Hatua ya nane: kusafisha na kuandika

Baada ya sampuli ya mwisho pitisha isopropanoli na maji nusu kwa nusu kwa nusu saa, kisha methanoli, kisha pima tupu tena. Ikiwa 325 au 265 bado imo, endelea kusafisha. Usimwachie mwenzako anayepima dawa za maji kesho asubuhi.

Karatasi ya majibu iandike kwa lugha ya aliyeiomba. Yangu kwa mama wa Mwera ilisema hivi: vitu vikavu vya chupa zote mbili ni karibu asilimia 70, hakuna maji yaliyoongezwa, pipa jipya ni slesi ya aina nyingine, yenye ethoksili nyingi zaidi na isiyotokana na nazi wala mawese, kwa slesi hii jaribu kwanza kilo moja kwenye ndoo ndogo, ongeza CDE kidogo kabla ya chumvi, na chumvi utie kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, ukiona imekaza usimame hapo. Nikaambatanisha karatasi za vilele na za sampuli tupu, maana akienda dukani ataulizwa.

Alikwenda, lakini hakudai fedha. Aliwauliza kwa nini mapipa yale mawili yana lebo moja. Mabaki ya chupa zake yamo kwenye kabati la giza, yamefungwa na kuandikwa tarehe, na yatakaa miezi sita.